Shimo Ambalo Sikuingia

Sharon na Kevin, mliobaki na ile ofisi, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini ili msianze na mikono mitupu. Nimekaa na karatasi hizi wiki tatu. Habari za kupandishwa cheo hamtazikuta hapa. Nilipandishwa mara mbili na mara zote mbili nilibaki kwenye meza ileile yenye mguu mbovu. Nitaandika ya kazi, na katika hayo kuna moja ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Hilo ndilo lililonichelewesha.

Siku ya kwanza niliripoti Homa Bay nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Mzee Odera, mkaguzi wa usalama kazini ambaye wakati huo alikuwa peke yake ofisini, aliviangalia, akanipeleka moja kwa moja Ndhiwa kwenye kiwanda cha sukari nguru. Kiwanda ni neno la heshima. Palikuwa na paa la mabati, injini ya dizeli, rola za kukamua miwa, na masufuria ya kuchemshia maji yake. Mkanda wa injini ulikuwa wazi, tena pale pale watu wanapopita na mizigo ya miwa. Siku mbili kabla, rola zilikuwa zimechukua vidole vinne vya baba mmoja mwenye watoto watano.

"Huyo alikuwa amelewa," mwenye kiwanda akasema.

"Na rola zako zilikuwa zimekunywa nini?" Mzee Odera akamuuliza, huku akiandika. Alikuwa na kitabu cha ilani chenye karatasi za kaboni, na aliandika polepole, kama mwalimu anayesahihisha insha. Ilani ya kufunga mashine ilipokamilika, mwenye kiwanda aliisoma, akaingia ndani, akatoka na panga la kukatia miwa. Mzee Odera alifunga kitabu, akamshukuru kwa muda wake, akaniambia twende. Ndipo nilipogundua kwamba gari tulikuwa tumeliegesha likiangalia barabara, na kwamba muda wote ule yeye alisimama mahali ambapo hakuna kitu kilichomzuia kulifikia. Mimi nilisimama kati ya sufuria mbili za moto, na viatu vyangu vya kisigino.

Njiani alinifundisha kazi. Alisema sheria inakupa ruhusa ya kuingia popote watu wanapofanya kazi, lakini haikupi njia ya kutoka, hiyo ujipangie mwenyewe. Ukae karibu na mlango. Mkoba usiuvae shingoni, mtu atakuvuta nao. Mikono iwe wazi mbele ya kifua, kama unaeleza jambo, ili ikibidi iwe tayari. Mtu akikushika kifundo cha mkono usivutane naye. Zungusha mkono kuelekea kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko unapofunguka. Ukifunguka, kimbia. Nguvu utakayotumia iwe ya kukutoa tu pale ulipo. Ukiongeza pigo moja la hasira, wewe ndiye mshtakiwa. Na mwisho akasema, usipoona kitu, andika hukuona. Nilimwona mzee mwenye maneno mengi.

Miaka iliyofuata nilizunguka ufukweni na visiwani. Mnajua yalivyo. Takawiri nilikuta mashua ya abiria yenye jaketi za kuelea kumi na mbili, mpya kabisa, zote zimefungiwa ndani ya sanduku kwa kufuli. Nilimuuliza nahodha kwa nini. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, "Madam, zikilowa zitaoza." Niliandika ilani. Alifungua kufuli nikiwa pale, na nadhani alilifunga kabla sijafika gati. Niliandika ilani nyingi za namna hiyo. Nyingine zilifika mahakamani na huko zikaahirishwa mpaka shahidi akahama, au akafa, au akaajiriwa na mshtakiwa mwenyewe. Ikiwa mnataka niwaambie kwamba kazi hii inabadilisha mambo, nendeni mkamtafute mstaafu mwingine.

Kisha nikahamishiwa upande wa Migori, na kazi yangu kubwa ikawa mashimo ya dhahabu ya Osiri. Nilipewa pia kipima hewa, mashine ya njano yenye ukubwa wa redio ndogo, inayolia ikikuta gesi mbaya.

Kwa asiyeyajua, shimo la Osiri lina mdomo wa ukubwa wa meza, limezungushiwa magogo ya mikalatusi. Linashuka wima kwa kamba, halafu chini linakata kwa upande kufuata mawe yenye dhahabu. Wanaume wako chini wakichimba. Wanawake wako juu wakiponda mawe kwa nyundo na kuyaosha kwenye karai. Mwanamke hashuki. Hata mdomo wa shimo hauvuki. Akiuvuka, wanasema, dhahabu inahama, na hapo wanaume wote hutoka mara moja, na hakuna anayeshuka tena mpaka shimo lisafishwe kwa damu ya kondoo.

Mara ya kwanza nilipofika kwenye shimo moja huko na kofia yangu ya plastiki kichwani, msimamizi wake, Ouma, mtu mpana mwenye sauti ya kanisani, alinizuia kwa mkono.

"Nyar Ndhiwa, wewe ni dada yetu, karibu," akasema, akiniita binti wa Ndhiwa, maana ndiko kwetu. "Lakini hapo ndio mwisho."

Nilikuwa na sheria mkobani. Ningeweza kumsomea pale pale, nikashuka, nao wangeninunia miezi sita na kunificha kila kitu. Nikajiambia kwamba ni heshima, kwamba kila mahali pana mila zake, na kwamba mimi mwenyewe ni wa huku. Basi nikawa natia kipima hewa kwenye ndoo, wananishushia kwa kamba, nahesabu mpaka mia, wananivutia. Hewa ilikuwa nzuri daima. Lazima iwe nzuri, maana ndoo iliishia chini ya mdomo, pale pale ambapo hewa ya juu inaingia. Watu walikuwa wakifanya kazi hatua thelathini upande, kwenye pango ambalo sijaliona hadi leo.

Fomu yetu ina swali: sehemu ya kazi imekaguliwa? Ina kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Ukitia hapana, unatakiwa kueleza, na maelezo yanarudi na barua kutoka makao makuu. Mara ya kwanza niliposhika kalamu nilisita. Nikatia ndiyo. Kufikia mwaka wa tatu sikuwa nasita tena, na Mzee Odera alikuwa ameshastaafu.

Pale ndipo nilipomjua Atieno. Alikuwa mponda mawe, mjane, naye pia wa Ndhiwa, mwenye mabega kama ya mwogeleaji na macho yasiyokuacha. Kaka yake mdogo, Wycliffe, alikuwa mchimbaji kwenye shimo la Ouma. Niliwafundisha wanawake wale siku moja ndani ya kanisa la mabati lililo karibu na machimbo. Niliwaeleza kuhusu zebaki, vumbi, na hasa pampu. Wakati wa mvua maji hujaa chini, na kwa kuwa pampu ikiwa juu haiwezi kuvuta kutoka kina kile, watu huishusha yenyewe pangoni ikiwa inanguruma na petroli yake. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kisha ulevi, kisha usingizi, na usingizi huo hauna asubuhi.

Atieno alinyoosha mkono.

"Madam, sheria inasema mtu anaweza toka?"

"Anaweza. Ukiona hatari ya kweli unatoka, unaripoti, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha kabla haijaondolewa."

"Na kama hatari iko kwa wale wengine na wao hawaioni?"

"Unawaambia."

"Wakikataa kuskia?"

"Unapiga kelele mpaka wasikie."

"Na mtu akinishika?"

Nikawafundisha basi yale ya kidole gumba. Walishikana wawili wawili kati ya viti vya kanisa, wakazungusha mikono, wakacheka hadi machozi. Niliwaambia pia ile ya nguvu za kukutoa tu. Nilikuwa nimefurahi. Nilirudi Migori nikiimba garini, na mnajua siimbi.

Mvua zilipofika nilizunguka mashimo yote, na lile la Ouma nililifikia kama siku nyingine zote: ndoo, kamba, mia, kisanduku. Siku nane baadaye wakashusha pampu.

Haya nayaandika kama Atieno alivyonieleza, na sijapata mtu wa kuyakanusha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa akiponda mawe hatua chache kutoka mdomoni, akasikia kaka yake akiita kamba kutoka chini, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyetoka kwenye chang'aa. Wycliffe hanywi, ni mtu wa kanisa la Sabato. Atieno akamwambia Ouma atoe watu.

"Ponda mawe yako," Ouma akamjibu.

Akainama karibu na mdomo kadiri anavyoruhusiwa, akawaita wenyewe. Wakamjibu kwamba wako sawa, kichwa tu kinagonga kidogo, amwache mtu afanye kazi. Walikuwa sita. Atieno alipiga kelele nyingine, nao wakanyamaza.

Basi akavua ndala, akauvuka mdomo wa shimo. Kisha akarudi, akaketi ukingoni, akaingiza miguu yake yote miwili ndani, akaita kwa sauti yake yote, "Dhako ni e bur!" Maana yake, mwanamke yumo shimoni.

Sheria yangu isingewatoa watu wale kwa siku moja. Hilo liliwatoa kwa dakika chache. Walipanda wakitukana, mmoja baada ya mwingine, na Wycliffe wakamfunga kamba kifuani wakamvuta, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Wawili walitapika juu ya magogo. Ouma hakuwaangalia hao. Alimkamata Atieno kifundo cha mkono akimburuta, naye akazungusha kuelekea kidole gumba, akachomoka. Ouma akarudi na mpini wa koleo. Ulimpata begani. Ulipoinuka tena, Atieno aliokota nyundo yake ya mawe akampiga mkono ulioshika mpini. Alipiga mara moja tu, kisha akakimbia. Mkono wa Ouma ulivunjika mahali pawili.

Atieno alikamatwa alasiri ile kwa kosa la kumjeruhi mtu vibaya. Mimi nilifika kesho yake. Pampu ilikuwa juu, imepanguswa. Ndoo ilishuka, ikapanda, hewa ilikuwa nzuri. Hakuna mchimbaji aliyekuwa amekwenda hospitali; wale wawili waliotapika walisema ni maharagwe. Waliamini, na sijui kama walikosea kwa namna yao ya kuona, kwamba mwanamke yule amewaharibia shimo. Kwamba amewaokoa halikuwaingia.

Nilimtembelea rumande. Bega lilikuwa limevimba hadi gauni limembana, lakini alikuwa mtulivu kuliko mimi.

"Wewe ndio utawaambia, Madam," akasema. "Vile ulitufundisha. Na vile pampu iko."

"Nitawaambia," nikasema.

Kesi ilichukua miezi. Hakuwa na wakili. Wycliffe alifika siku moja, akakaa kiti cha nyuma akiwa ameshika kofia, na kabla hajaitwa akatoka. Nilisikia baadaye kwamba ameambiwa akisema lolote hatashuka shimo lolote tena, na kwamba amevuka mpaka kwenda kuchimba Tanzania. Nikabaki mimi.

Nilipanda kizimba cha mashahidi nimejiandaa. Nilieleza gesi ni nini, na sheria inampa mfanyakazi haki gani. Nilieleza vizuri. Ndipo kiongozi wa mashtaka akanikabidhi karatasi, akaniuliza kama saini ile ni yangu. Ilikuwa fomu yangu ya siku nane kabla ya tukio. Hewa: salama. Sehemu ya kazi imekaguliwa: ndiyo. Akaniuliza kama pampu ilikuwa tayari pale siku hiyo. Nikasema ilikuwa pale, imeegeshwa kando, basi ikawa kwamba niliiona na bado nikaandika salama. Akaketi.

Atieno akaulizwa kama ana swali kwa shahidi. Akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Madam, hiyo siku uliingia ndani ya shimo, ama hukuingia?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu wa Osiri, na hakuna hata mmoja ambaye hakujua jibu. Niliwaona wanaume kadhaa wakiinua macho. Ningesema hapana, fomu ile ingekufa pale pale, na pamoja nayo fomu zangu zote za miaka ya nyuma. Ningeulizwa ni mashimo mangapi nimeyatilia ndiyo bila kuyaona. Kuandika uongo kwenye hati ya serikali ni kosa, nami nililijua kifungu chake kwa moyo. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na moja kustaafu. Niliogopa, Sharon. Kevin, niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Nikasema, "Nilikagua."

Alinitazama kidogo. Nilidhani atauliza tena, na nadhani angeuliza mara ya pili ningesema kweli. Nimejidanganya kwa wazo hilo usiku na mchana. Hakuuliza. Akasema, "Sina swali ingine," akaketi.

Hukumu ilisema kwamba ushahidi wa kitaalamu haukuonyesha hatari yoyote shimoni, kwamba mshtakiwa aliingia mahali asipotakiwa kwa nia ya kusimamisha kazi, kwamba msimamizi alikuwa akimtoa, na kwamba nyundo ilizidi kipimo. Ushahidi wa kitaalamu ulikuwa mimi. Alifungwa miaka miwili. Watoto wake watatu walikwenda kwa mama yake. Ouma alileta kondoo, shimo likasafishwa, na wiki iliyofuata watu walikuwa chini tena, wanne kati ya wale sita wakiwemo. Mimi niliendelea kutia ndoo kwenye shimo hadi siku yangu ya mwisho kazini, maana ningeshuka ghafla wangejiuliza kwa nini. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkasema nimekuwa ngao ya wafanyakazi. Nililia, mkadhani ni furaha.

Fomu zangu zote za Osiri ziko kwenye kabati la chuma, rafu ya chini. Zichukueni kama karatasi tupu. Shukeni wenyewe, au andikeni hapana na mpokee barua za makao makuu. Wewe Sharon watakuzuia kama walivyonizuia mimi, tena kwa upole, na upole huo ndio mgumu. Sina la kukuambia la kukusaidia. Mimi ulinishinda.

Mwezi uliopita nilisikia Atieno ametoka na anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Ndhiwa. Nilikwenda siku ya soko, asubuhi. Alikuwa ameketi nyuma ya gunia lililofunguliwa, amekonda, na mkono wa kulia hauinuki vizuri. Alinitambua kabla sijasalimu. Nilimwambia yote niliyokuja nayo: kwamba nimezungumza na wakili, kwamba nitaapa kwa maandishi kuwa sikuingia shimoni siku ile wala siku yoyote, kwamba hatia yake inaweza kufutwa, na kwamba niko tayari kwa lolote litakalonipata. Nilisema haraka, kama mtu anayelipa nauli akiwa amechelewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akitoa vijiti na changarawe kwenye omena.

"Hiyo ukweli sasa nipeleke wapi?" akasema. "Miaka yao nimemaliza. Mama alikufa nikiwa ndani, wakamzika bila mimi. Watoto wamegawanywa, mmoja ako Kisumu kwa watu sijui. Ukiapa, watarudishwa?"

Nikasema wakili anaona kwamba jina lake...

"Jina," akasema, bila ukali. Nyuma yangu palikuwa na mama mwingine anasubiri na karai yake. Atieno akamwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi. "Unanunua omena ama ulikuja kuongea tu?"

Nikasema nanunua. Alijaza gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa mkono wa kushoto mpaka ikarundikana juu, akaimimina kwenye mfuko, akaongeza konzi moja ya juu kama anavyomwongezea kila mtu. Akanikabidhi.

"Karibu tena, kastoma," akasema, na akamgeukia yule mama.